Jiwe la Kushikia Mlango

Upepo wa kusi ukishika kasi, kuanzia Aprili hivi, Magarini huingia msimu wa milango kujibamiza. Unasikia pu! kwa jirani, kisha pu! kwako, mtoto aliyelala anashtuka, na mwenye nyumba anapaza sauti kutoka uani: "Wekeni jiwe mlangoni!" Jiwe linawekwa, kelele zinakwisha, watu wanaendelea na shughuli zao. Hakuna anayelikumbuka tena lile jiwe mpaka siku atakapojikwaa.

Kosa si la upepo peke yake. Nyumba nyingi za hapa, kuanzia Mambrui hadi Gongoni, zinafuata ramani ile ile ya pwani: mlango wa mbele, ukumbi unaopita katikati kama njia, vyumba huku na huku, na mlango wa nyuma wa kutokea uani. Ukifungua milango yote miwili umeukatia upepo barabara. Na lazima uifungue, maana pwani bila upepo nyumba ni tanuri. Halafu kuna suala la adabu. Mlango uliofungwa mchana huwatia watu wasiwasi. Jirani atasimama nje aulize kulikoni, kuna mgonjwa, kuna msiba, au mmegombana? Anayekuja anataka aone pazia likipepea, apige hodi, aitikiwe karibu. Kwa hiyo mlango ukae wazi, na ili ukae wazi lazima kitu kiushike.

Sasa, ukihesabu maneno ya Kiswahili ya kufungia mlango utachoka: komeo, kiwi, pingo, kitasa, kufuli, tumbuu, mnyororo. Ya kuuacha wazi je? Mafundi husema kabari, neno walilolichukua kwa wapasua mbao. Vitabu husema kizuizi cha mlango, neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu aliye nyumbani kwake. Sisi wengine wote tunasema jiwe, hata kama chenyewe ni dumu la lita tano lililojazwa mchanga. Watu hawakosi jina la kitu wanachokihitaji sana, na mimi nashuku wazee wetu hawakukihitaji kitu hiki hata kidogo.

Utazame mlango wa kale wa mji wa pwani, ule ambao watalii huja kuupiga picha Lamu na Unguja. Ni mbao mbili nzito za mbambakofi au msaji, zimekutana kwenye mfaa katikati, na kila ubao unazunguka juu ya ncha zake zilizochomekwa kwenye tundu juu na chini. Bawaba hamna. Ukuta wenyewe ni wa mawe na chokaa, unene wake dhiraa moja au zaidi. Ukisukuma ubao wa namna hiyo ndani, umelala. Kusi ivume itakavyo. Kazi iliyobaki kwa fundi ilikuwa kuufunga usiku, na ndiyo maana maneno yote yakaenda huko.

Kilichokuja kuharibu utulivu huu ni bawaba. Uingereza nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mwishoni mwa karne ya 18 ikaja bawaba ya kupanda, ambayo mlango ukifunguliwa unainuka kidogo na ukiachwa unajifunga wenyewe. Rahisi kufunga, lakini sasa kuuacha wazi ikawa kazi, na hapo ndipo vikaanza kutengenezwa vizito vya shaba na chuma cha kumimina vya kuukalisha mlango: simba, mbwa, vikapu vya maua, kila aina. Karne iliyofuata, huko Washington, Mmarekani mweusi aitwaye Osbourn Dorsey akapata hataza namba 210,764, Desemba 1878, ya kifaa cha kuushikilia mlango. Mitandaoni utasoma kwamba huyu ndiye aliyebuni kizuizi cha mlango, na wengine wanamwongezea hadi kitasa. Hataza yenyewe inasema ni maboresho, yaani watu walishakuwa na vifaa hivyo. Haimpunguzii heshima yake. Tusimtwishe tu mzigo ambao hakuubeba.

Huku kwetu bawaba ya dukani ilikuja pamoja na mlango mwepesi, mbao nyembamba kwanza, kisha bati lililopigiliwa kwenye fremu. Mlango mwepesi ni bei nafuu na fundi anaumaliza kwa siku moja. Lakini hauna uzito wa kujikalia. Unataka kusaidiwa.

Ukitaka ushahidi wa milango ya zamani, nenda Gedi, kilomita chache kabla hujafika Malindi ukitokea Kilifi. James Kirkman alianza kuchimba magofu hayo mwaka 1948. Mji ulikuwa umehamwa tangu karne ya 17, na mbao za milango zilikwishaoza zamani sana. Kilichobaki ni matao, miimo na vizingiti vya mawe ya matumbawe, vimesimama wima kama vinamsubiri mwenyewe arudi. Kirkman hakuwajua wenye nyumba kwa majina, basi akazipa nyumba majina ya vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kauri. Mtu aliishi, akaoa, akauza, akazika, na jina lake sasa ni mkasi. Hakuna Nyumba ya Jiwe la Mlango. Hata kama lilikuwepo, jiwe la tumbawe lililolala kando ya mlango katika magofu ya matumbawe, nani angelijua?

Upande wa Wagiriama hadithi ni nyingine. Nyumba ya asili ilikuwa ya fito na nyasi, nyasi zinashuka kutoka kileleni hadi chini, ukiiona kwa mbali utadhani ni lundo la majani makavu. Mlango wake mfupi, mgeni huingia ameinama atake asitake. Upepo hauna cha kubamiza hapo. Lakini neno lenyewe ndilo zito. Muryango kwa Kigiriama ni mlango wa nyumba, na tena ni tawi la ukoo, watu waliotoka kwa babu mmoja ndani ya mbari. Kiswahili nacho kinao mlango wa maana hiyo. Ukiulizwa wewe ni wa mlango upi, hawataki kujua fundi wako ni nani.

Na juu ya milango ya nyumba kulikuwa na milango ya kaya. Kaya za Mijikenda, zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, zilikuwa makazi ndani ya msitu, na uliziingia kwa njia nyembamba zenye malango. Ndani kulizikwa fingo, kinga ya watu wote. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama huko Kaya Fungo, wakala kiapo kutompa Mwingereza vijana wa kazi wala kodi. Oktoba wakakamatwa wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti mwaka huo serikali ikailipua kaya kwa baruti. Vita vilivyofuata viliunguza nyumba nyingi, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, na waliokuwa kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa wahame warudi kusini.

Kaskazini ya Sabaki ndiko huku. Ndiyo Magarini.

Wengine walikuwa wamevuka mto kwa sababu rahisi: ardhi ya huku ilikuwa na rutuba na ile ya nyuma ilichoka. Miaka michache baadaye serikali ikaona imekosea hesabu, mashamba yamelala, nafaka hakuna, watu wakaruhusiwa kurudi. Lakini walirudi kwenye ardhi ambayo kwenye karatasi haikuwa yao.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Malindi ilifufuka miaka ya 1860 chini ya masultani wa Unguja, na ufufuo wake ulikuwa wa mtama na ufuta uliopakiwa majahazini kwenda Arabuni. Waliolima walikuwa watumwa. Mashamba yalivuka Sabaki yakafika Magarini, na jina Magarini kwenye maandishi ya wakati ule ni jina la shamba. W. W. A. FitzGerald, aliyeajiriwa na Kampuni ya Imperial British East Africa, alisimamia shamba la huku mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kitabu chake cha 1898 kimejaa miti, mazao na hesabu za nini kingeota wapi. Watumwa waliotoroka nao walikuwa na vijiji vyao bara, Fuladoyo na Makongeni. Vijiji hivyo vilijengewa maboma, na lango lililindwa usiku na mchana. Huko hakuna aliyewaza kuuacha mlango wazi.

Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Ukanda wa maili kumi wa Sultani ulipimwa, wenye madai wakaitwa walete ushahidi. Walioweza kuonyesha umiliki wa mtu mmoja mmoja, hasa wenye mashamba wa Kiarabu na Kiswahili, walipata hati. Ardhi ya Wamijikenda ilikuwa ya mbari na milango, haikuwa na karatasi, na kwa sheria hiyo ikawa ni ya Mfalme wa Uingereza. Mtu akaamka asubuhi moja ni skwota mahali babu yake alipozikwa. Uhuru wa 1963 uliibadilisha bendera, hati zikabaki pale pale.

Kutokana na hapo ikazaliwa kitu ambacho mgeni wa bara huwa hakielewi mpaka aelezwe mara mbili: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, mikorosho na minazi uliyopanda ni yako, chini ni pa mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya pale nyumba ilipokaa. Mwenye ardhi ana sharti moja ambalo hulirudia hata akisahau mengine yote: usijenge kwa mawe. Jenga kwa fito, boriti na udongo, ezeka makuti, ukipata hela ezeka bati. Mawe yana maana ya kukaa. Nyumba ya mawe ikivunjwa kuna kesi, kuna fidia, kuna hakimu. Nyumba ya udongo ikivunjwa mvua mbili tu zinaifuta.

Ndani ya nyumba kama hiyo mlango ndicho kitu cha thamani kuliko vyote vilivyojengwa. Kuta unazikandika wewe na jirani zako, makuti yanasukwa nyumbani, ila mlango umenunuliwa. Siku ya kuhamishwa watu hung'oa milango kwanza, bawaba, kitasa na vyote, kisha mabati, kisha ndipo vyombo. Picha za ubomoaji wa pwani, ukizitazama vizuri, hazikosi mtu aliyebeba mlango kichwani.

Na ndipo ninapoliona lile jiwe kwa jicho jingine. Katika nyumba ambayo mawe yamekatazwa, jiwe la kushikia mlango ndilo jiwe pekee. Mara nyingi ni kipande cha tofali la matumbawe kutoka machimboni, kile kilichovunjika kona kikashindwa kuuzwa. Limekaa mlangoni miaka kumi, ishirini, limelainika juu kwa kukaliwa na watoto. Hakuna mwenye ardhi aliyewahi kulipigia kelele. Sisemi watu huliweka kwa ukaidi, wao wanalizuia tu bati lisipige. Lakini jiwe limo ndani ya nyumba, limekaa.

Serikali ilijaribu kulitatua suala hili mara kadhaa, na jaribio kubwa lilifanyika hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Australia ilianza kufadhili mradi wa makazi wa Magarini. Matingatinga yalifyeka msitu, viwanja vikapimwa, familia zikapewa mashamba. Udongo haukuwa kama ulivyoandikwa, maji ya visima yakatoka ya chumvi, na mfadhili akaondoka. Porter, Allen na Thompson waliandika kitabu kizima kuhusu mkasa huu mwaka 1991, na jina lake linasema yote: njia iliyotandazwa nia njema. Nakipendekeza kwa yeyote anayekuja huku na ramani mkononi.

Sasa niseme habari ya kitu kingine kinachosimama, kwa sababu nacho kiliishia milangoni mwa watu.

Mzee wa Kigiriama aliyekuwa mwanachama wa Gohu akifariki, jamaa zake humchongea kigango. Ni ubao wa mti mgumu, mrefu kama mtu au kumzidi, una kichwa cha mviringo na mwili uliochongwa pembetatu kwa pembetatu. Unasimamishwa bomani, marehemu anatulia, anatambikiwa. Wasio wa Gohu wana koma zao, vijiti vidogo. Kigango hakihamishwi. Familia ikihama, kinaachwa kimesimama porini na kuoza taratibu, na hiyo ndiyo heshima yake. Lakini mtu wa mbali akikiona kimesimama porini anasema kimetupwa.

Kuanzia miaka ya 1970 wafanyabiashara wa vinyago wa Malindi na Mombasa waligundua kwamba Wamarekani wananunua. Vijana wakatumwa usiku. Vigango vikasafiri, vikaingia majumba ya sanaa, na kutoka huko vikaingia majumbani, vikasimamishwa sebuleni na kumbini mwa watu waliokuwa wakitafuta kitu kirefu, kizito kidogo, chenye sura ya Afrika, cha kujaza nafasi iliyobaki.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Baada ya muda si mrefu vyote viwili vikaibiwa. Mwaka 1999 Udvardy alikuwa kwenye mkutano wa wasomi Marekani, mwenzake Linda Giles akawa anaonyesha picha za mkusanyiko wa makumbusho ya Illinois, na kigango kimoja kikatokea ukutani. Ndicho kile kile. Cha pili kilipatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Walipoendelea kutafuta walihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani, bila kuhesabu vilivyo majumbani mwa watu binafsi. Cha Illinois kilirudishwa 2006, cha Hampton 2007. Mzee Kalume alikuwa ameshafariki. Makumbusho ya Denver nayo iliamua kurudisha vigango 30, uamuzi wa 2014, lakini mpaka viguse ardhi ya Kenya ilikuwa 2019. Kwenda vilikwenda kwa usiku mmoja.

Aliyekinunua huko ng'ambo, nina hakika, hakuwa mwizi machoni pake. Alikuwa anapamba nyumba. Alipewa bei, alilipa, akapewa risiti, akauliza kitakaa vizuri kando ya mlango au kando ya dirisha. Swali moja tu hakuuliza, nalo ni kitu hiki kilikuwa kimesimama wapi kabla ya hapa. Na sisi wa hapa tusijitie utakatifu; walioving'oa usiku walijua ni vya nani.

Basi, kwa anayechagua leo cha kushikia mlango wake, naye yupo Magarini au popote pwani, niseme ninayoyajua. Usiokote chochote penye kaburi, penye gofu, wala penye boma lililohamwa, hata kama ni kipande cha jiwe tu. Mambrui kuna kaburi la mnara lenye vyombo vya kauri vya Kichina, na wachimbuzi walipata sarafu ya Mfalme Yongle karibu na hapo mwaka 2010. Unachokidhania kifusi huenda ni ukurasa.

Sakafu ya udongo inakubali jiwe lenye tako pana. Kabari ya mbao kwenye udongo huchimba, mwisho unakuwa na shimo na mlango bado unapiga. Sakafu ya saruji inakubali yote mawili. Ya vigae ndiyo yenye matata: kabari huteleza, jiwe hukwaruza. Hapo kata kipande cha tairi kuukuu, kipigilie chini ya kabari, mwembamba uingie kwanza, na usichonge mwinuko mkali. Kabari ndefu na ya pole hushika kuliko fupi na nene. Jiwe au dumu la mchanga liweke mbali na bawaba, upande wa kitasa, maana huko kilo mbili zinafanya kazi ambayo karibu na bawaba ingetaka kilo kumi. Chupa ya kioo iliyojazwa mchanga inapendeza mpaka siku ya mtoto wa kwanza. Kinu kinafaa sana, ila mwenye kinu atakitaka saa kumi na moja jioni na mlango utabaki yatima.

Mlango wa bati uwekewe kitu pande zote mbili, kwa kuwa kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka itausukuma upande wa pili.

Na jiwe likilala nje, asubuhi ligeuze kwa mguu wenye kiatu kwanza kabla ya kulishika. Nge wa Magarini naye anatafuta mahali pa kukaa, na hajali hati ni ya nani.